Kalenda ya Fedha ya Ulaya

Nilikuwa mhazini wa vijana katika mtaa mmoja wa kanisa hapa Ulaya, kata iliyo kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, miaka ile simu za mkononi zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza kutuma fedha. Tulichokitafuta hakikuwa kikubwa machoni pa watu wa mjini: kinanda, spika mbili, sola ya kuviendesha, na nauli ya kwenda kwenye kongamano la vijana Morogoro kila mwaka. Kwa kijiji kinachoishi kwa mahindi, mpunga na ufuta, hiyo ilikuwa fedha ya kumnyima mtu usingizi.

Wageni wa semina walituhimiza tuwe wabunifu. Walitutajia chakula cha jioni cha hisani, matembezi ya hisani, kuosha magari baada ya ibada, kuuza fulana. Ni mawazo mazuri kwa usharika wa mjini. Nje ya kanisa letu siku ya Jumapili ungekuta baiskeli zimeegemezwa kwenye mwembe, pikipiki mbili tatu, na kama mchungaji amekuja kutoa meza ya Bwana, labda gari moja. Ubunifu tuliouhitaji ulikuwa wa kujua fedha iko kwa nani, na iko kwake mwezi gani.

Huku kwetu fedha huja na kiangazi. Juni na Julai mahindi yanavunwa, mpunga unapigwa, ufuta umesimamishwa kwa matita ukikauka, na wanunuzi wanaingia na mizani zao. Hadi Septemba watu wanaoa, wanaezeka, wanalipa madeni. Kuanzia Desemba mvua inapokolea, fedha imekwisha kuingia ardhini kwa njia ya mbegu na vibarua. Januari hadi Machi ni miezi ya palizi, na nyumba nyingi zinanunua unga kwa kilo dukani. Kumwendea mama na kadi ya mchango mwezi Februari ni kumwomba apunguze unga wa watoto. Hatakukatalia, kwa sababu wewe ni kijana wa kanisa naye ameshika Biblia mkononi, lakini utakuwa umemwondoa mezani pake.

Hata hivyo michango ya vijana ilipangwa mwezi Machi, kwa sababu kongamano lilikuwa baada ya Pasaka. Hakuna aliyepanga kwa ubaya. Ratiba ilitoka juu, ikashuka usharika hadi usharika, ikatufikia sisi wa mwisho kwenye barabara ya vumbi. Kazi ya kwanza tuliyoifanya kama kikundi ikawa kuikataa Machi. Tulikubaliana kwamba nauli ya Aprili itatafutwa Julai ya mwaka unaotangulia, na kwamba wakati wa masika hatutamwomba mtu wa Ulaya hata senti.

Julai ndio mwezi wa sikukuu ya mavuno, na mavuno ni mnada. Anayeujua mnada wa kanisani hahitaji kuelezwa raha yake, lakini mpangilio wake unastahili kutazamwa kwa makini. Mama analeta mayai kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Mzee analeta mkungu wa ndizi begani. Watoto wa Shule ya Jumapili wanaingia kwa mstari na maboga, viazi, miwa. Jogoo analala chini ya meza, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Baada ya baraka, fundi baiskeli wetu, ambaye sauti yake iliumbwa kwa kazi hiyo, anasimama na kumwinua jogoo juu.

"Bwana Yesu asifiwe! Jogoo huyu anaanza na elfu tano!"

"Tano na mia tano!"

"Sita!"

Mwalimu anamchukua kwa elfu nane na kusema, "Namzawadia mama mchungaji." Mama mchungaji anainuka, anamshika jogoo kwa mikono miwili, anashukuru, kisha anasema anamrudisha mnadani kwa ajili ya vijana. Watu wanapiga vigelegele. Jogoo mmoja anauzwa mara tatu, na mwisho anakwenda kwa mjane aliyeleta mayai, kwa sababu mnunuzi wa tatu ameona ampe yeye.

Uzuri wa mnada ni kwamba asiyekuwa na shilingi anatoa alichonacho, na mwenye shilingi ndiye anayekigeuza kuwa fedha. Boga la mtoto lina heshima sawa na noti ya mwenye duka. Sijaona njia nyingine ya changizo inayomweka maskini kwenye safu ya watoaji bila kumwaibisha. Lakini mfuko unaonunua ni ule ule: mwalimu, muuguzi wa zahanati, mwenye duka, mwenye mashine ya kukoboa. Ukifanya mnada kila mwezi utawachosha hao wanne, na nyuma ya kanisa utaanza kuona pengo. Wapo watu waliokuwa hawaji Jumapili ya mnada kwa kuogopa kuitwa majina mbele za watu. Kwa hiyo tuliomba baraza la wazee lipitishe mambo mawili: mnada wa vijana uwe mmoja kwa mwaka, baada ya mavuno, na mnadi asimwite mtu kwa jina. Fundi baiskeli alilalamika kwamba tunamfunga mdomo. Mwaka ule watu walijaa hadi dirishani.

Fedha kubwa, hata hivyo, ilitoka kwenye palizi. Miezi ile ile ambayo kijiji hakina fedha, kina kiu ya mikono. Mahindi yanatoka pamoja na magugu yake, na mwenye eka nyingi anahangaika kutafuta vibarua wakati kila mtu yuko shambani mwake. Na wenye mashamba Ulaya si wa Ulaya peke yao. Wapo wafanyakazi wa Mikumi waliokodi eka huku, watumishi wa Kilosa mjini, na wafanyabiashara ambao fedha yao haitegemei mvua. Tulipoanza kuchukua kibarua cha palizi kama kikundi, kila Jumamosi ya masika, kwa bei ya eka iliyokubaliwa kabla, tuliingiza kijijini fedha ambayo isingekuja kwa mnada wala kwa bahasha. Bei yetu ilikuwa sawa na ya vibarua wengine. Hilo tulilisisitiza, kwa sababu kanisa likilima kwa bei ya chini linamnyang'anya kazi mama anayelisha watoto kwa jembe.

Tulikuwa tunakutana kanisani kabla ya jua kutoka, tunaomba kwa kifupi, tunashika njia. Mabinti na wavulana walichanganywa mistarini, mzoefu na mgeni, ili asiwepo wa kuachwa nyuma. Kufikia saa nne joto linakuwa kali na nyimbo zinapungua. Hapo ndipo nilipowajua wenzangu: nani anamaliza mstari wake na kurudi kumpokea mwenzake, nani anaongoza wimbo akiwa amechoka. Walimu wengi wa Shule ya Jumapili tuliowapata baadaye walitoka kwenye mistari ile ya mahindi, na sidhani kama kamati yoyote ingewabaini kwa njia nyingine.

Mteja wetu mkubwa wa kwanza alikuwa mzee Mwislamu. Kilosa ni wilaya ambayo msikiti na kanisa vinasikilizana, na ndoa na misiba imetuunganisha tangu zamani. Tulikwenda kwake watatu, tukamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nimesikia mnalima. Mnalima kweli au mnaimba tu?"

Tukamwambia tunafanya vyote viwili. Akatuonyesha shamba, akapatana nasi bei, akatoa nusu siku ile ile. Mlezi wa kikundi chetu alipomuuliza kama anajua fedha inakwenda kununua kinanda cha kanisa, alijibu kwamba yeye ananunua palizi, na kijana anayefanya kazi Jumamosi atamsalimia kwa adabu siku nyingine zote. Alituita tena msimu uliofuata, na akatutafutia jirani zake. Changizo lililofungwa ndani ya kuta za kanisa lisingemfikia mzee yule. Kazi ilimfikia.

Fedha ya palizi haikwenda moja kwa moja kwenye kinanda. Mabinti ndio walioleta hoja: vijiji vyetu havina pa kukodi viti. Harusi ikitokea, watu wanaazima mabenchi ya shule na sufuria za nyumba kumi, na baada ya sherehe kunakuwa na kesi ya mwiko uliopotea. Tukanunua sufuria kubwa, sahani, viti vya plastiki kidogo kidogo, kisha turubai. Tukaweka alama kwa rangi nyekundu chini ya kila kiti. Wenye harusi, ubarikio, kipaimara, mkutano wa kijiji au semina, wote walikodi, na mara nyingi walitukodi na sisi wenyewe kupika na kuandaa. Miradi na mashirika yaliyokuja kufanya mafunzo huku yalihitaji chakula cha mchana na stakabadhi. Tukachapisha kitabu cha stakabadhi Kilosa.

Sharti moja halikuwa na mjadala: msibani viti vinakwenda bure, kwa dini yoyote, na vijana wawili wanavipeleka na kuvirudisha. Kwa hesabu ya biashara, hiyo ni hasara, maana misiba haikosi. Lakini kila mtu wa Ulaya aliyewahi kuketi kwenye kiti chetu siku ya huzuni alikuja kukikodi siku ya furaha, na hakuomba tupunguze bei. Ningeulizwa leo kikundi cha vijana wa kijijini kianze na nini, ningesema viti na sufuria kabla ya fulana, kabla ya albamu, kabla ya kitu chochote cha kuchapisha nembo.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa mahindi ya akiba. Kwa mtu mwenye hesabu, ni njia rahisi: nunua gunia mwezi Julai bei ikiwa chini, lihifadhi vizuri lisipate dumuzi, uza Februari. Tulifanya hivyo, kwa kutumia chumba kimoja cha nyumba ya mwinjilisti. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kikaoni na kuuliza swali ambalo lilituondolea usingizi: je, kanisa linanunua njaa ya watu? Faida yetu ya Februari ilikuwa inatoka wapi kama si kwa mama yule yule tuliyeapa kutomwomba mchango?

Tulizungumza sana, na kuna waliokasirika. Uamuzi uliopatikana uligawa akiba sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ingeuzwa hapa kijijini kwa bei ya chini ya duka, kwa debe na si kwa gunia, ili mwenye fedha asije akabeba yote. Ya pili ingeuzwa Mikumi, mji ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, ambako mabasi na malori yanasimama na migahawa inanunua unga mwaka mzima. Faida yetu itoke kwa msafiri na mwenye mgahawa, jirani apate nafuu.

Kisha yakaja mafuriko. Desemba 2009 kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja matuta na kuingia Kilosa mjini. Maelfu ya watu walibaki bila makazi na kuhamia kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika. Watu wa Ulaya walikuwa na ndugu kule. Akiba yetu ilikuwa imejaa chumbani, na ilikuwa ndiyo kwanza bei imeanza kupanda. Kikao hakikuchukua muda. Fungu la Mikumi likapakiwa kwenda kambini barabara ilipopitika, fungu la kijiji likabaki kama lilivyopangwa. Mwaka ule hatukununua spika. Nataja hili kwa sababu watu hukitazama kikundi siku kinapokuwa na kitu, na baada ya Kilosa hatukuhitaji tena kueleza fedha ya vijana ni ya nini.

Njia nyingine tulizijaribu na ninaweza kuzipita haraka. Kufyatua tofali wakati wa kiangazi kunalipa, ila kunataka kuni nyingi za kuchomea, na hapo unakula msitu. Kuwaandikia watoto wa Ulaya walioko Dar es Salaam na Morogoro kulileta fedha nzuri tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mradi aliyetuma apate jibu siku hiyo hiyo, na baadaye aone picha ya kilichonunuliwa. Kukaa kimya baada ya kupokea ndiko kunakoua mchango wa pili.

Uzinduzi wa albamu ya kwaya unahitaji maneno zaidi. Kila kwaya nchini inaujua: mgeni rasmi, meza yenye kitambaa, keki, ahadi zinazotangazwa kwa kipaza sauti. Ahadi kubwa husomwa kwanza na kushangiliwa zaidi. Katika daftari letu, ahadi za madebe ya mahindi na siku za kulima zilitimizwa karibu zote. Ahadi kubwa ya mgeni rasmi mmoja tuliifuatilia hadi viatu vikachakaa, kisha tukaacha. Kibaya zaidi, kwa miezi ile tulipokuwa tukimfuata, mistari ya palizi ilipungua watu. Kila mtu alikuwa anasubiri fedha ya mtu mkubwa.

Majirani zetu wa Kenya wameishi na jambo hili kwa kipimo kikubwa. Harambee, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa wakati wa uhuru mwaka 1963, ilijenga shule nyingi kwa mikono na senti za wananchi. Kadiri miaka ilivyokwenda, wanasiasa waligeuza jukwaa lake kuwa mahali pa kuonyesha vitita. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, baadhi kwa ajili ya kwaya, na shilingi milioni 2 za Kenya kwa ajili ya nyumba ya mapadre. Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zitarudishwa, akieleza kwamba kanisa halipaswi kutumiwa kwa siasa. Nilimfikiria mhazini wa kwaya ile, aliyeona fedha ikiingia na kutoka. Ninaamini askofu aliwaokoa vijana wake na deni ambalo lisingeandikwa kwenye daftari lolote.

Mkaa ulitugawa kuliko yote. Vijana wengi wa Ulaya wamekulia kwenye mkaa. Unaotoka huku unakwenda Morogoro na Dar es Salaam, na kijana mwenye shoka hakosi fedha ya haraka. Hoja ilipoletwa kwamba kikundi kichome tanuri moja tu tumalize fedha ya sola, wengi waliunga mkono. Mlezi wetu aliuliza msitu tunaoukata ni wa nani, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu lilikuja na kijiji. Mwaka 2012 ulianza mradi wa mkaa endelevu katika vijiji vya Kilosa, Ulaya Mbuyuni ikiwemo, ukiendeshwa na shirika la kuhifadhi misitu la TFCG pamoja na mtandao wa MJUMITA na shirika la TaTEDO, kwa msaada wa Uswisi. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake na kuigawa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupishana, kimoja kinakatwa na cha jirani kinaachwa. Visiki vinabaki vichipue, na kitalu kinapumzishwa zaidi ya miaka 20. Mchomaji anakuwa na kibali, na mnunuzi analipa ushuru kwa kijiji kabla gunia halijaondoka. Kwa ushuru huo vijiji vya mradi vilijenga madarasa, vikachimba visima, vikatengeneza zahanati. Fedha ilisomwa kwenye mkutano mkuu, kila mtu akisikia.

Vijana wetu hawakuchoma tanuri la kanisa. Waliotaka mkaa waliingia kwenye kikundi cha wachomaji wa kijiji kwa utaratibu, na sisi tukapata kazi ya kupikia mikutano ya mradi. Lakini mikutano ile ilitufundisha namna ya kusoma hesabu. Kuanzia hapo, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya matangazo, mhazini alisimama na kusoma kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na majina ya wanaodaiwa viti. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mmoja wao msichana, mmoja mzee, kama wafanyavyo watu wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Siku ya kwanza mikono ilinitetemeka. Bibi mmoja akainua mkono akauliza shilingi elfu mbili za sabuni zilinunua vipande vingapi. Nikamtajia. Akaketi, akatoa fundo kwenye ncha ya kitenge na kuniletea mia tano mbele ya watu wote, mwezi Februari.

Kinanda kilinunuliwa, na nyuma yake spika na sola. Wahazini wamebadilika mara kadhaa tangu nilipokabidhi daftari. Kikundi cha sasa kina mjadala wa mashine ya kupukuchua mahindi. Wanataka waizungushe shamba kwa shamba mwezi Julai, walipwe kwa gunia, na asiye na fedha alipe kwa debe litakalopelekwa mnadani. Wazee wanauliza nani atatunza injini na itakuwaje kwa wanawake wanaopukuchua kwa kibarua. Nimewaambia vijana ninaunga mkono, kwa sharti wale wanawake wawe wa kwanza kufundishwa kuiendesha na kulipwa kwa kila gunia. Bei ya mashine wameipata Morogoro, na walichonacho hakijafika nusu. Palizi inaanza wiki ya pili ya Januari, na tayari kuna eka za mtu wa Mikumi zinawasubiri.